Kanisa la Bati Lililopotelea Katika Herufi K

Isidori ni mwana wa Silvesta. Silvesta ni mwana wa Kalolo. Kalolo ni mwana wa Mwanakulya. Mwanakulya aliyeyusha mawe yakawa chuma huko Ufipa. Kalolo alifua majembe ambayo watu waliyatoa mahari na wala hawakuona haya. Silvesta alishika spana katika karakana ya mgodi wa risasi wa Mpanda, siku zile reli ilipokuwa bado changa. Katika watu hao wote hakuna aliyepata kusimamishwa mbele ya baraza kwa uongo, wala jembe lao halikupata kurudishwa kwa kupasuka.

Mtu wa ukoo wa namna hiyo hulibeba jina lake kama abebaye mtungi uliojaa. Hatembei ovyo.

Saa kumi na mbili asubuhi, katika vilima vya Mwese, magharibi ya mji wa Mpanda, ukungu ungali umelala mabondeni. Isidori Silvesta Kalolo, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, amepiga goti juu ya bati kuukuu. Mkono wake wa kushoto umeshika tindo, wa kulia umeshika nyundo. Anagonga. Bati linaitika, na kilima cha ng'ambo kinalirudisha itikio hilo taratibu, kana kwamba huko nako yupo fundi mwingine anayejibu.

Anaandika. Haandiki kwa chaki wala kwa rangi, bali kwa alama za tindo zinazobonyea bila kutoboa. Herufi ya kwanza ni K. Ya pili ni A. Ya tatu ni S. Hafupishi kitu. Jua linapochungulia, neno limetimia: KASKAZINI. Chini yake anaongeza jingine: KATI. Kisha anapiga tarakimu moja tu, nne.

“Herufi kumi na tatu,” anasema bila kuinua macho. “Mabati ya namna hii ni arobaini na nane, na hili ndilo la mwisho. Padre hakunipa kitubio hiki. Nimejipa mwenyewe.”

Nyuma yake limesimama kanisa. Kuta zake ni bati, paa lake ni bati, nguzo zake ni chuma. Limekamilika lote isipokuwa pengo moja, jembamba na refu, katikati ya ukuta wa kaskazini. Kupitia pengo hilo huonekana kipande cha mbingu, na katika kipande hicho limekaa wingu jeusi la Oktoba.

Wanakijiji wanalitazama pengo, kisha wanalitazama wingu. Wote wanakumbuka maneno yaliyokubaliwa kwenye mkutano wa kijiji: mvua ya kwanza ikilikuta kanisa lina pengo, mabati yatagawiwa, mawili kwa kila kaya, na waumini watarudi kusali chini ya nyasi. Uamuzi huo haukutolewa kwa chuki. Paa la nyasi la kigango chao limewaangukia mara mbili katika miaka mitatu, na mtu aliyenyeshewa pamoja na watoto wake hawezi kulaumiwa kwa kutamani mabati mawili.

Makanisa ya namna hii yana historia ndefu, na ni aibu kwamba wengi wetu tumepita mbele yake bila kuuliza. Katika karne ya kumi na tisa, mafundi wa Uingereza walipogundua kwamba bati jembamba likikunjwa mawimbi hupata nguvu ya kujibeba, na likipakwa zinki huchelewa kushikwa na kutu, walianza kutengeneza nyumba nzima viwandani. Baadaye wakatengeneza makanisa. Mteja alichagua kanisa katika kitabu cha picha kama mtu achaguaye saa ya ukutani. Likakatwa, likatobolewa, likatiwa namba kipande kwa kipande, likafungwa kreti, likapandishwa merikebu.

Makanisa hayo yalikwenda Australia, yakaenda visiwani, yakaja Afrika. Wenye dharau waliyaita makanisa ya kopo. Lakini mahali pasipo matofali wala seremala, kopo hilo lilikuwa neema.

Kanisa la Isidori lilifika Mpanda kwa garimoshi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Halikuja likiwa jipya. Wazee wa Ilembo, mahali liliposimama kwa miaka zaidi ya arobaini, husema kwamba liliwahi kuishi kwingine kabla ya hapo, na kwamba ushahidi ulikuwa kwenye kuta zake: kila bati lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani, yasiyokuwa na kazi yoyote katika maisha yake ya pili. Hakuna ajuaye lilikotoka. Lilikuwa kama mgeni mwenye makovu ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Silvesta, baba yake Isidori, alikuwa miongoni mwa waliolisimamisha. Namba za kiwandani zilikuwa zimechongwa kwenye mbao zilizoshikilia mabati. Mchwa wa Mpanda walizila mbao hizo pamoja na namba zake.

“Baba alisema mchwa ndio wanafunzi wa kwanza wa Ilembo, maana walianza kwa kula hesabu,” Isidori anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Silvesta akaondoa mbao, akaweka fremu za chuma alizoziunga mwenyewe. Akatoboa mabati upya, kwa mkono, kila moja kwa kipimo cha nguzo yake. Kwa hiyo mabati yaliyoonekana kuwa ndugu mapacha hayakuwa mapacha hata kidogo. Tundu la boliti la bati hili lilikuwa chini ya lile kwa unene wa kidole, na la tatu lilikuwa juu kwa unene wa kucha. Kengele nayo aliitengeneza yeye, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, na sauti yake ilifika hadi stesheni.

Mwanawe alikulia hapo. Isidori hufua visu na majembe kutokana na springi za malori yaliyochoka. Hutengeneza koroboi kwa makopo ya maziwa, na huziba karai na masufuria kwa lehemu. Mapato ya mwezi humtosha unga, chumvi na sabuni, na mwezi wa njaa humpungukia. Hata hivyo hajapata kumuuzia mtu kisu kilichopinda.

“Chuma hakifi,” anasema. “Kinabadilisha kazi. Leo ni lori, kesho ni jembe, keshokutwa ni bawaba ya mlango. Binadamu tungekuwa hivyo, pasingekuwa na wastaafu.”

Mwaka huu wa 1996, waumini wa Ilembo walikamilisha kanisa la matofali. Wakaamua kuwapa wenzao wa Mwese kanisa la bati, bure, kwa sharti moja: lijengwe zima, kama lilivyokuwa. Isidori akapewa kazi ya kulivunja na kulijenga. Ujira wake ni madebe mawili ya maharage na asali kadiri wenye mizinga watakavyojaliwa. Mbele ya waumini wa pande zote mbili aliinua mkono akasema: “Nitalisimamisha kabla ya mvua, kila bati mahali pake. Mimi ni mwana wa Silvesta.”

Hakuna aliyemtaka ataje ukoo wake. Aliutaja mwenyewe.

Mwezi wa saba alilibomoa kwa siku kumi na mbili. Katekista Method, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa akimshikia kopo la rangi nyeupe. Ukuta mrefu wa kaskazini ulikuwa na sehemu tatu, na wa kusini vivyo hivyo: kushoto, kati na kulia. Kila sehemu ilikuwa na mabati manane. Isidori akachovya brashi, akaandika kwenye bati la kwanza: K.K. 1.

“Fundi, si ungeandika neno zima?” Method aliuliza.

“Katekista, rangi ni kopo moja na mabati ni mengi. Tena mimi si karani. Kaskazini ni K, kushoto ni K. Mtoto wa darasa la pili anajua.”

“Na kusini?”

“Shika kopo vizuri, linamwagika.”

Hivyo ndivyo kiburi kinavyopita mlangoni, kikiwa kimevaa nguo za kubana matumizi.

Lori liliyachukua mabati hadi barabara iliposhindwa. Kilomita kumi na moja za mwisho yalipanda vilima kwa vichwa vya watu na kwa mkokoteni wa ng'ombe wa Mzee Masunga, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Ilembo na mifugo yake miaka mingi iliyopita, na ambaye tangu abatizwe hakukosa Misa. Waliouona msafara huo wanasema lilikuwa jambo la ajabu: kuta za kanisa zikipanda mlima kwa miguu, zikimetameta, zikipotea ukunguni na kutokea tena juu zaidi.

Nguzo zilisimamishwa. Paa halikuwa na taabu, maana mabati yake yalikuwa na namba za mfululizo. Kuta fupi za mashariki na magharibi zilikuwa zimeandikwa M zote, lakini zilijieleza zenyewe: moja ilikuwa na dirisha la duara juu ya altare, nyingine ilikuwa na mlango.

Kisha ikaja zamu ya kuta ndefu. Method akainua bati la kwanza.

“Hili je, fundi?”

“Kaskazini kushoto.”

“Na hili?”

“Kaskazini kulia.”

“Na hili lenye K.K. 1 pia?”

Isidori aliweka spana chini. Watu wanakumbuka kwamba aliweka spana chini taratibu, kama mtu awekaye yai.

“Kusini kushoto,” alisema. “Au kusini kulia.” Akazitazama nguzo. “Au kati. Na kati ni K.”

Palikuwa na K.K. 1 sita. Palikuwa na K.K. 2 sita. Mabati yote arobaini na nane yalikuwa yametiwa herufi mbili zilezile, na herufi hizo zilikuwa na maana sita. Lugha yetu tukufu imeziweka kaskazini, kusini, kushoto, kulia na kati katika nyumba ya herufi moja, na fundi alikuwa ameingia humo bila taa.

“Hata Kigoma ni K,” mtu mmoja alisema kutoka nyuma. “Na Karema ni K. Tuyapeleke kotekote, fundi, labda yatakubali.”

Watu walicheka. Isidori hakucheka.

Alijaribu kubahatisha. Kila bati lilihitaji watu wanne kulinyanyua na kulishikilia, na matundu yalipokataa kulingana na boliti, lilishushwa, likainuliwa jingine. Kutu ilikuwa imekula kingo za matundu. Siku ya pili ya kubahatisha, bati moja lilipasuka kuanzia tundu la boliti hadi katikati, kwa mlio uliofanana na kikohozi cha mzee.

Baadhi walimshauri atoboe matundu mapya. Alikataa. “Ukitoboa tundu la pili kwa boliti moja, hujajenga ukuta, umejenga chekecheo. Baba yangu hakutoboa mara mbili.”

Jumapili iliyofuata, baada ya sala, alisimama mbele ya watu chini ya nguzo tupu. Hakumtaja katekista, hakuitaja rangi, hakuutaja mchwa. “Kosa ni langu,” alisema. “Niliulizwa, nikajibu kwa dharau.” Kisha akaketi. Mwandishi wa makala haya amewaona wakubwa wengi wakikosea, lakini wachache waliojua kuketi namna hiyo.

Ndipo kijiji kilipotoa uamuzi ule kuhusu mvua ya kwanza.

Katikati ya Septemba alifika Specioza, mkewe, kutoka Ilembo, amebeba unga na dagaa. Alimkuta mumewe ameegesha mabati kwenye nguzo, anachemsha lami kwenye kopo. Isidori alikuwa amekusudia, wakati akisubiri bahati imkumbuke, angalau kuziba yale matundu ya zamani yasiyokuwa na kazi, ili ukuta usivuje.

Jua lilikuwa limepanda kiasi. Lilipenya kwenye matundu ya bati moja na kudondosha nukta za mwanga juu ya udongo mwekundu. Specioza alishusha mzigo wake, akainama.

“Baba Scola,” alisema, “mbona unataka kumziba Kuku na Vifaranga?”

“Kuku gani?”

“Huyu hapa. Mama yuko mbele, vifaranga watano nyuma, wa mwisho amepotea njia kidogo. Mimi nimekaa na kuku huyu tangu nikiwa mwari. Scola alipobatizwa, kifaranga mmoja alikuwa kwenye paji la uso wake.”

Isidori aliliangalia bati, kisha akamwangalia mkewe.

“Mlikuwa mnayapa majina?”

“Nyie wanaume mlidhani tunasali tu?”

Katika kanisa la Ilembo, kama katika makanisa mengi ya zamani, wanawake waliketi upande wa kushoto na wanaume upande wa kulia. Altare ilikuwa mashariki; kwa hiyo ukuta wa wanawake ulikuwa wa kaskazini. Katika miezi ya kiangazi, hasa mwezi wa sita na wa saba, jua la Mpanda huchomoza likiwa limeelemea kaskazini, na asubuhi ya Misa mwanga wake ulipita kwenye matundu ya mgeni yule mwenye makovu na kuwanyunyizia wanawake nyota kichwani, mabegani, na juu ya migongo ya watoto wachanga. Kwa miaka arobaini walikuwa wamezisoma nyota hizo, mama akimrithisha binti, bila mwanamume hata mmoja kufahamu.

Specioza alizijua za katikati tu, maana hapo ndipo alipoketi. Akatuma ujumbe Ilembo. Baada ya siku nne, Natalia, mwimbaji wa kwaya aliyekaa mbele maisha yake yote, na Marsela, ambaye alikaa nyuma karibu na mlango kwa sababu ya wajukuu wasiotulia, walifika juu ya mkokoteni wa Mzee Masunga. Natalia ana miaka sabini na sita. Aliteremka, akadai kiti, akadai shuka jeupe.

“Litandikeni chini. Kisha inueni bati moja moja mbele ya jua, na msitikise. Nyota haisomeki kwa mtu anayetetemeka.”

Ikawa hivyo. Kwa asubuhi tatu, wanaume wanne waliinua bati, na shuka likajaa nukta za mwanga. Wanawake watatu waliinamia shuka hilo kama wanaotafuta sindano.

“Mchi na Kinu. Huyu wangu,” Natalia alisema. “Kulia, karibu na altare.”

“Mkufu Uliokatika. Mlangoni kwangu,” alisema Marsela.

“Hili silijui. Wekeni pembeni, hili ni la wanaume.”

“Mnaona?” Natalia aliongeza, akiwageukia wanyanyuaji. “Hata bati la wanaume halina jina.”

Ukuta wa kaskazini ulipata mabati yake yote ishirini na manne, na kila moja lilipoinuliwa mahali lilipotajwa, boliti iliingia kama mguu kwenye kiatu chake. Bati moja tu lilibaki chini. Lilikuwa lile lililopasuka. Na lilikuwa Kuku na Vifaranga.

 Specioza aliupapasa ufa kwa kidole, toka tundu la boliti hadi karibu na kifaranga aliyepotea njia, akaenda kupika.

Ukabaki ukuta wa kusini. Method aliyakumbuka mabati manane ya mbele, alipokuwa akiketi kusoma masomo. Ya nyuma hakuna aliyeyakumbuka, mpaka Mzee Masunga alipokohoa.

“Katekista, nina jambo, ila utanisamehe.”

“Sema, mzee.”

“Yale mabati ya nyuma nayafahamu. Krismasi, wingu likifunguka, jua linaingia upande wetu. Mimi wakati wa mahubiri nilikuwa nahesabu ng'ombe wangu. Moja lina ng'ombe saba na ndama. Jingine lina fahali peke yake, mkorofi. Jingine lina zizi lote, ishirini na mbili.”

“Kwa hiyo mahubiri yangu hukuyasikia miaka yote hiyo?”

“Niliyasikia kwa mbali, kama kengele shingoni mwa ng'ombe.”

“Ngosha, Msukuma wewe, ulikuwa unachunga kanisani!” Marsela alisema akipiga makofi. Method alivua miwani, akaifuta, na wale waliokuwa karibu wanasema alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Ng'ombe wa Masunga wakapelekwa zizini, mmoja mmoja. Hapo yakabaki mabati manane, ya kusini kati. Hakuna aliyeyatambua. Method aliuliza ni nani aliyekuwa akiketi sehemu ile.

“Mimi,” alisema Isidori.

Alikuwa ameketi hapo tangu ujana wake, bega likigusa chuma. “Miaka arobaini,” anaeleza sasa, sauti yake imeshuka. “Ukinifunga macho, nikigonga bati nitakwambia unene wake. Nitakwambia kutu imeanza au bado. Lakini sura yake sikuitazama. Nilidhani kulifahamu ni kujua linavyofanya kazi.”

Mabati hayo manane yaliingia mahali pake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Ni sehemu pekee ya kanisa iliyopatikana kwa kubaki.

Na sasa, asubuhi hii ya Oktoba, lipo bati moja. Ufa wake umeshonwa. Isidori ametumia siku nne juu yake. Amekata kiraka kutoka katika karai kuukuu, akakikunja kufuata mawimbi ya bati, akakilehemu kwa chuma kilichopashwa moto katika mkaa. Mkewe aliketi kando na shuka, akikagua kila baada ya muda kwamba hakuna kifaranga aliyefumbwa jicho. Kalolo, babu yake Isidori, alipata kumsimulia kwamba Ufipa, tanuri refu la udongo waliloliita ilungu lilipambwa kama bibi harusi kabla ya kuwashwa moto. Isidori anasema zamani alidhani ni ushamba wa wazee.

“Sasa nadhani walikuwa wanajifunza kulitazama,” anasema.

Saa tisa alasiri wingu limefika. Upepo unalaza nyasi. Wanaume wanne wanaliinua bati. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja na orodha ya kaya mfukoni, ni mmoja wao. Hakuombwa. Boliti ya kwanza inaingia. Ya pili inaingia. Ya tatu inakataa.

“Shusha kidogo,” Isidori ananong'ona, kana kwamba anaongea na bati lenyewe. “Kidogo tena. Usilifuate kwa nguvu. Lisubiri.”

Tone la kwanza linapiga paa. Sauti yake ni kavu, kama punje moja ya mahindi ndani ya ungo. Linafuata la pili. Kisha boliti ya tatu inapita, nati inakamata, na spana inazunguka mara sita.

Mvua inashuka yote kwa pamoja.

Watu wanakimbilia ndani, wakubwa kwa wadogo, wanasimama bila kujipanga. Mvua juu ya bati ni kitu kisichoruhusu mazungumzo. Inaondoa sauti ya mtu kinywani. Basi wanasimama hivyo, wameinua nyuso, kama watu walio ndani ya ngoma kubwa inayopigwa na mkono mpole. Paa halivuji. Ukuta wa kaskazini umekauka. Upande wa kusini, upepo unasukuma matone machache kupitia matundu ya zamani.

Mzee Masunga anayatazama, anamwinamia Method sikioni na kupaza sauti: “Ng'ombe wangu wanakunywa!”

Mwenyekiti anatoa orodha mfukoni, anaikunja mara nne, anairudisha. “Hatugawi,” anasema mvua inapopungua. Neno moja tu, naye ni mtu anayesifika kwa hotuba ndefu.

Asubuhi ya pili yake mbingu zimeoshwa. Jua la mwisho wa Oktoba limekwisha kuvuka kuelekea kusini, kwa hiyo ndani ya kanisa mwanga wa kwanza unaingia kwa mshazari kupitia ukuta wa wanaume. Juu ya sakafu ya udongo, karibu na mlango, zinatokea nukta saba, kisha moja ndogo nyuma yake. Masunga amevua kofia. Anahesabu kwa kidole, ingawa jawabu analijua.

“Wamefika wote,” anasema. Kisha anamgeukia Specioza: “Wangu wametangulia, mama. Kuku wako bado yuko kitandani.”

“Kuku wangu anaatamia,” Specioza anajibu. “Mwezi wa sita utamwona.”

Isidori naye anausubiri mwezi huo. Anasema hana mpango mkubwa maishani. Ataufungua mvukuto wake hapa Mwese mpaka kiangazi, afue majembe ya msimu, afundishe wawili watatu kulehemu. Lakini Jumapili moja ya mwezi wa sita ameomba ruhusa ya kuketi upande wa wanawake, sehemu ya kati, ili akione kile ambacho mkewe amekuwa akikiona tangu wakiwa vijana.

Katekista Method amekubali. “Ila usilale,” alimwambia.

Anajua pia kwamba kanisa hili halitaishia Mwese. Limekwisha kutembea mara mbili tunazozijua, na chuma hubadilisha makazi kama kinavyobadilisha kazi. Siku moja, labda baada ya miaka mia moja, watu wasiozaliwa bado watafungua boliti zile na kukuta ndani ya kila bati neno zima, limepigwa kwa tindo, lisilofutika kwa mvua wala kuliwa na mchwa. Watalisoma, na hawatababaika.

Enyi vijana mnaosoma gazeti hili, wekeni chini redio zenu kitambo, mnisikilize. Mmezoea kufupisha. Mnafupisha salamu, mnafupisha kazi, mnafupisha majina ya babu zenu hadi yanabaki herufi, kisha mnashangaa kwamba hamjui mlikotoka wala pa kusimama. Mwana wa Silvesta, mjukuu wa Kalolo, kitukuu cha Mwanakulya, aliokoa rangi ya kopo moja akakaribia kulipoteza kanisa, na ilimpasa apige goti mbele ya mabati arobaini na nane. Nyinyi msingoje kupigishwa goti. Anayewauliza swali akiwa ameshika kopo lenu, mjibuni. Aliyeketi karibu nanyi miaka mingi, mtazameni. Na mkipewa kuandika kaskazini, andikeni kaskazini.